Sikio likizima ghafla: usisubiri wiki ijayo

Maswali haya huulizwa kila mara na watu wazima wanaofika kliniki ya masikio hapa Dar es Salaam, wengi wao wakiwa wamechelewa.

Nimeamka sikio la kushoto limeziba, ndani kuna mlio kama wa jokofu. Si uchafu tu?

Huenda ni uchafu, huenda ni mafua. Ila huenda pia ni mshipa wa fahamu wa kusikia, na huo haungoji. Fumba mdomo, kisha vumisha "mmmm". Sauti ikivuma zaidi kwenye sikio lililoziba, mara nyingi ni uchafu au majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Ikikimbilia sikio jingine lililo zima, nenda hospitali leo hii. Hata hivyo kipimo hiki kisikutulize: sikio lililozimika ghafla lazima lipimwe.

Haraka ya nini? Si litazibuka lenyewe?

Wapo wanaorudishiwa usikivu bila dawa, ukiwa kamili au nusu. Lakini siku ya kwanza hakuna anayejua kama wewe ni mmoja wao. Madaktari huita hali hii dharura pale usikivu unaposhuka kwa desibeli (kipimo cha sauti) 30 au zaidi ndani ya siku 3. Tiba kuu ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, kwa kawaida vidonge vya prednisoloni, na hufaa zaidi zikianza ndani ya wiki 2 za mwanzo. Visiposaidia, daktari anaweza kuchoma sindano kupitia ngoma ya sikio.

Mama mmoja muuza vitenge alikuja wiki ya 5. Alikuwa ameweka mafuta ya nazi ya uvuguvugu, akaweka kitunguu saumu, akapewa dawa ya matone dukani. Sikio halikurudi. Bado naumia nikimkumbuka, kwa sababu hakuwa mzembe. Alihangaika kila siku, ila hakuna aliyemwambia.

Na tafadhali usijinunulie prednisoloni. Hupandisha sukari na presha, na huchokoza vidonda vya tumbo.

Niende wapi?

Anza hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, Amana, Temeke au Mwananyamala, uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Muhimbili wapo. Ukifika usiseme "sikio linanisumbua", utapangwa foleni ya kawaida. Sema: "Limezimika ghafla, tangu siku fulani." Utapimwa usikivu, na baadaye huenda ukapigwa picha ya MRI kuangalia kama kuna uvimbe kwenye mshipa. Ukiona na uso umepinda au ulimi mzito, hiyo inaweza kuwa kiharusi: nenda idara ya dharura moja kwa moja.

Nimerogwa?

Hapana. Kwa wengi chanzo hakipatikani, na kukosa chanzo ndiko kunakozaa maneno. Mtaje daktari dawa ulizotumia karibuni, hasa kwinini na sindano za gentamisini.

Mlio unaninyima usingizi. Utaisha?

Ubongo uliozoea kupokea sauti ukizikosa huongeza usikivu wake, mpaka unasikia kelele zake wenyewe. Huo si wazimu. Hakuna kidonge cha kuukata, lakini wengi huuzoea ndani ya miezi. Kimya ndicho adui, kwa hiyo washa feni, au redio kwa sauti ya chini. Ukiulalia mto kwa sikio zima, mlio utajaa kichwani, na mtoto akilia hutamsikia.

Nitaishije na sikio moja?

Utakachokosa kwanza si sauti, ni upande inakotoka. Bodaboda ikipiga honi Kariakoo utaisikia, ila hutajua iko wapi. Basi usiruke, simama, geuza kichwa chote, ndipo uvuke. Kwenye daladala, kama bovu ni la kushoto, kaa dirisha la kushoto ili sikio zima liwaelekee watu. Ukumbini kaa mbali na spika. Kama usikivu umebaki kidogo, uliza kuhusu kifaa cha kusaidia kusikia. Kwa waliozimikiwa masikio yote mawili, Muhimbili wamekuwa wakipandikiza vifaa vya kusikia tangu 2017.

Linalouma zaidi ni la mtaani. Kijana anakuamkia "shikamoo" kutoka upande uliokufa, nawe unapita kimya. Jioni tayari wanasema unaringa. Mzee naye anakuita, huitiki, anasononeka. Usilifiche sikio lako. Mwambie mwenye duka, jirani, mama ntilie, watoto wa shule: "Huku sisikii, njoo huku." Watoto hushika haraka kuliko wote, siku mbili tu, wanazunguka upande wa kulia ndipo wanakuamkia.