Mikrobiota ya tumbo na maambukizi ya Helicobacter pylori

Mikrobiota ni jumla ya vijidudu vyote vinavyoishi katika sehemu fulani ya mwili: bakteria, fangasi na virusi. Ngozi ina yake, kinywa kina yake, na utumbo mpana ndio wenye umati mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Tumbo lenyewe, yaani ule mfuko unaopokea chakula kutoka kwenye umio, liliachwa nje ya hesabu kwa miaka mingi. Juisi ya tumbo tupu huwa na pH (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo asidi ni kali, na 7 ni katikati, kama maji safi) ya kati ya 1 na 2 hivi, ukali unaoua bakteria wengi ndani ya dakika chache. Madaktari wakafundishwa kwamba humo hakuna kinachoishi, na kwamba vidonda vya tumbo vinatokana na msongo wa mawazo na asidi iliyozidi.

Mafundisho hayo yalivunjwa Perth, Australia. Mwaka 1979 Robin Warren, daktari wa patholojia, yaani mchunguzi wa magonjwa kwenye vinyama vya mwili, alianza kuona bakteria waliojipinda kwenye vinyama vilivyokatwa tumboni mwa wagonjwa, na mara nyingi walikuwepo pale ambapo utando wa tumbo ulikuwa umevimba. Daktari mwenzake, Barry Marshall, aliungana naye, wakajaribu kuwaotesha maabara bila mafanikio, kwa sababu sahani zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili, kama ilivyokuwa desturi kwa vipimo vingine. Wakati wa Pasaka ya 1982 sahani ziliachwa siku zote za mapumziko, na bakteria wakaota. Kumbe ni viumbe wa polepole tu. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wenye bakteria hao. Siku chache baadaye alikuwa akitapika, na kipimo cha kamera kikaonyesha gastritisi, yaani kuvimba kwa utando wa tumbo. Wengi husimulia kwamba alipata vidonda. Hakupata, na tofauti hiyo ina uzito wake, kama tutakavyoona. Warren na Marshall walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2005.

Helicobacter pylori, jina alilopewa bakteria huyo mwaka 1989, hakai ndani ya asidi kama inavyosemwa mara nyingi. Anaipita tu. Ana kimeng'enya kiitwacho yurease ambacho huvunja yurea iliyomo kwenye juisi ya tumbo na kutoa amonia na hewa ukaa. Amonia huzimua asidi inayomzunguka. Akisaidiwa na umbo lake la kujisokota na mikia inayozunguka, anajisukuma hadi kwenye tabaka la ute linalofunika ukuta wa tumbo. Ute huo hugeuka jeli nzito kwenye asidi kali na kuwa mwepesi asidi inapopungua, kwa hiyo amonia ileile humfungulia njia. Chini kabisa ya ute, karibu na seli, pH hukaribia 7. Huko ndiko makazi yake, na akishatulia anaweza kukaa maisha yote ya mwenyeji wake. Baadhi ya aina zake hubeba mtambo wa kudunga seli za tumbo kwa protini iitwayo CagA, na hizo ndizo zinazohusishwa zaidi na vidonda na saratani.

Watu wengi huambukizwa utotoni, hasa kutoka kwa watu wa familia, kwa njia ya mate, matapishi au kinyesi, na kwa maji machafu. Kwa miongo mingi inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu duniani wamekuwa naye, ingawa idadi inashuka mahali ambapo maji na usafi wa makazi vimeboreka. Hapo ndipo neno maambukizi linapohitaji uangalifu. Karibu kila aliyeambukizwa ana gastritisi ukimtazama kwa darubini, lakini wengi hawahisi chochote hadi wanakufa kwa sababu nyingine. Takriban mtu 1 kati ya 10, pengine wawili, hupata kidonda katika maisha yake, na asilimia 1 hadi 3 hupata saratani ya tumbo. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulimweka bakteria huyu mwaka 1994 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Asilimia hiyo ni ndogo, lakini ukiizidisha kwa nusu ya dunia utaelewa kwa nini hachukuliwi kirahisi.

Kwa nini mmoja apate kidonda na mwingine saratani? Jibu kubwa liko kwenye sehemu ya tumbo iliyovimba. Uvimbe ukikaa sehemu ya chini, karibu na mlango wa kutokea, huvuruga homoni zinazodhibiti asidi, na asidi huzidi. Matokeo yake mara nyingi ni kidonda cha duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Uvimbe ukienea kwenye sehemu kubwa ya kati ya tumbo, kule ziliko seli zinazotengeneza asidi, seli hizo huharibika miaka ikipita na asidi hupungua. Utando hukonda, halafu baadhi ya seli zake huanza kufanana na za utumbo, na huko ndiko njia ya saratani inakopitia. Kwa hiyo bakteria mmoja huleta asidi nyingi kwa huyu na asidi kidogo kwa yule, na mara nyingi wenye vidonda vya duodeni hatari yao ya saratani ya tumbo huwa ya chini.

Sasa turudi kwa wakazi wengine. Mwaka 2006 watafiti walisoma vinasaba vya bakteria kutoka matumboni mwa watu 23 wakapata aina 128. Majina yanayojirudia katika tafiti za namna hiyo ni Streptococcus, Prevotella na Veillonella, na kila anayejua bakteria wa kinywani atawatambua mara moja. Tunameza mate mchana na usiku, na wao humo. Vinasaba havisemi kama mwenyewe alikuwa hai au maiti iliyokuwa ikipita, ndiyo maana mimi husoma orodha ndefu za bakteria wa tumbo kwa tahadhari. Mkazi ni yule anayestahimili asidi, anayeongezeka humo humo na asiyeondoka na mlo unaofuata. Wasafiri ni wengi kuliko wakazi. Hata idadi yao yote ni ndogo: mililita moja ya juisi ya tumbo lenye afya mara nyingi ina bakteria elfu moja au chini ya hapo, wakati kiasi hichohicho cha yaliyomo kwenye utumbo mpana kina zaidi ya bilioni 100.

Asidi ndiyo bawabu wa tumbo, na bawabu akilegea wageni huingia. Mtu ambaye utando wa tumbo lake umekonda na asidi imepungua huanza kuwa na bakteria wengi wa kinywani na wa utumbo, na H. pylori mwenyewe, ambaye alizoea mazingira makali, hupungua au hutoweka. Ndiyo sababu uvimbe wa saratani unaweza kukatwa na kuchunguzwa bila yeye kuonekana sana, ingawa ndiye aliyeanzisha safari. Baadhi ya wageni hao hubadilisha naitrati kuwa naitraiti, ambayo huweza kuunda kemikali zinazoharibu DNA. Majaribio ya panya waliorithishwa wepesi wa kupata saratani ya tumbo yanaelekea hukohuko: waliowekewa H. pylori peke yake waliugua polepole kuliko waliokuwa naye pamoja na bakteria wengine.

Dawa za kupunguza asidi, kama omeprazole, nazo huongeza bakteria tumboni. Hilo halimaanishi ziachwe na anayezihitaji. Ila huweza kuficha H. pylori kwenye vipimo, kwa hiyo daktari humwambia mgonjwa azisimamishe wiki mbili kabla ya kupima, na antibiotiki wiki nne kabla.

Kipimo cha pumzi hutumia silaha ya bakteria kumuumbua: mtu hunywa yurea yenye kaboni iliyowekewa alama, na kaboni hiyo ikitoka kwenye pumzi, kuna yurease ndani. Kipimo cha antijeni, yaani chembe za bakteria mwenyewe, kwenye choo kina uwezo unaokaribiana na hicho. Wenye umri mkubwa, wanaotapika damu, wanaopungua uzito bila sababu au wanaopata choo cheusi kama lami huhitaji kamera na kinyama. Ikumbukwe pia kwamba dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofen na diklofenaki husababisha vidonda hata kwa mtu asiye na bakteria huyu kabisa, kwa hiyo majibu hasi si kibali cha kuendelea kuzimeza.

Tiba ni dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, mara nyingi na bismuthi (dawa yenye madini ya jina hilo), kwa kawaida siku 14. Antibiotiki moja haitoshi, na usugu dhidi ya clarithromycin, mojawapo ya antibiotiki hizo, umeenea kiasi kwamba maeneo mengi yameiacha kama chaguo la kwanza. Dozi hizo huwatikisa pia bakteria wa utumbo mpana, na kuharisha wakati wa tiba ni jambo la kawaida. Wengi wa bakteria hao hurudi baada ya wiki au miezi. Dalili kuisha si uthibitisho wa kupona. Kipimo cha pumzi au cha choo hurudiwa angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki, na kipimo cha damu hakitumiki kwa kazi hiyo, kwa kuwa kingamwili, yaani protini za kinga ambazo kipimo hicho hutafuta, huendelea kuonekana kwa miezi na hata miaka baada ya bakteria kuondoka.