Gari kukutwa bila damu si ushahidi wa ajali ya kupangwa

Kila gari lililogonga linapokutwa limetelekezwa na dereva hajulikani alipo, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: "Ndani hakuna damu, ajali imepangwa." Si kweli.

Mkanda na mfuko wa hewa huweza kumwepusha mtu na majeraha ya nje, huku ubongo umetikisika au wengu unavuja damu ndani kwa ndani. Mtu huyo anaweza kufungua mlango, akatembea akiwa amechanganyikiwa, kisha akaanguka mbali na barabara. Kwa hiyo anatakiwa kutafutwa haraka, hasa maeneo ya karibu.

Wachunguzi hutazama vitu vidogo: mkanda uliokwaruzika kwa kuvutwa ghafla, kiti kilivyosogezwa, mfuko wa hewa unaoweza kubaki na mate au chembe za ngozi zenye vinasaba. Magari mengi ya kisasa pia hurekodi mwendo na breki sekunde chache kabla ya kugonga. Picha ya gari iliyopigwa kwa simu haionyeshi hayo, ingawa filamu zimetuzoesha kutarajia damu.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Familia inayomsubiri mtu wao nayo huusoma, na majirani wakishaamini amejificha, huacha kumtafuta.