Poti ya 100K haiongezi sauti, jamani

Jumamosi kijana mmoja kaniletea ampu ya LM386, ile IC (chipu) ndogo ya kukuza sauti, aliyoiunga mwenyewe. Kaipanga vizuri tu ndani ya kopo la siagi, betri ya volti 9 kaibana kwa mpira. "Shikamoo fundi. Mchoro unasema volyumu ya 10K, mimi nikatia 100K ili ipige zaidi. Sasa inavuma." Marahaba. Huyo ni wa tatu mwezi huu.

Namba iliyo mgongoni mwa poti, yaani rezista ya kuzungusha, ni ukinzani wake (K ni omu elfu), si kipimo cha sauti. Poti ya volyumu hufungwa miguu yote mitatu: sauti inaingilia mmoja, wa pili uko graundi, wa kati unakwenda kwenye IC. Kazi yake ni kugawa. Ukiizungusha hadi mwisho, mguu wa kati umegusana na ule wa kuingilia, na kitakachopita ni kile kile kilichoingia, iwe 10K au 100K. Anayetaka LM386 ipige zaidi aunganishe kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8, ukuzaji upande kutoka mara 20 hadi mara 200. Poti aiache.

"Kama inagawa tu, basi namba ni ya nini?" Namba ni ya jirani. Ndani ya LM386 kuna rezista ya 50K kutoka ingizo kwenda graundi. Poti ya 10K ikiwa katikati, IC inaona kama 2.5K tu mbele yake (nusu mbili za 5K zikiwa sambamba), na ile 50K haisumbui: unapata asilimia 48 ya sauti badala ya 50. Weka 100K, IC inaona 25K, na sauti pale katikati inashuka hadi theluthi. Yaani kijana kaipunguza sauti akidhani anaiongeza! Halafu waya wa mguu wa kati, wenye ukinzani mkubwa namna hiyo, unanasa umeme wa nyumba kama antena. Niliufupisha, mvumo ukapungua. Nilipomwekea 10K ukaisha.

Kushuka nako kuna adhabu yake. Kapasita ya mikrofaradi 1 mbele ya poti ya 10K inaanza kukata sauti chini ya hezi 16, hakuna anayesikia. Weka poti ya 1K, inaanza kukata chini ya hezi 160. Besi kwaheri.

Lakini niseme ukweli: ampu ya mezani kwangu ina poti ya 22K mwaka wa ngapi huu, kwa sababu siku ile 10K sikuipata, na masikio yangu hayajaona tofauti. Hata hizo 10K za dukani, ukizipima, moja inasoma 8.6 na nyingine 11, na zote ni halali maana poti za kawaida zinaruhusiwa kukosea asilimia 20. Kwa volyumu, mara mbili juu au nusu chini, usiizunguke Kariakoo nzima ukitafuta namba kamili.

Kijana akafurahi. Akaomba ile 100K aondoke nayo, ataitia kwenye pawasapulai ya LM317, ile IC ya kupanga volti. Hapo ndipo nilipopandisha sauti.

Kwenye LM317 poti inatumika miguu miwili. Haigawi tena, ni rezista, na namba yake ndiyo inayopanga volti: 1.25 × (1 + poti ÷ 240), hiyo 240 ikiwa ni omu za rezista nyingine ya kwenye mchoro. Mchoro unaonyesha 5K. Ukiwa na adapta ya volti 12 utaambulia kama 10 za kutoka, na hizo 10 zinahitaji 1.68K tu. Kwa poti ya 5K umetumia theluthi ya mzunguko, kwingine kote inazunguka bure. Kwa 10K ni asilimia 17: ukiigusa, volti zinaruka. Kwa 100K hesabu mwenyewe.

Na hapo hatokosekana mjuaji: "Funga rezista ya 10K sambamba na poti ya 10K, upate 5K." Sentensi hii inanichosha kuliko mvumo. Ni 5K mwishoni tu. Katikati unapata 3.3K badala ya 2.5K, na mwanzoni, ambako ndiko kazi iliko, poti inaenda mbio karibu kama ile 10K ya awali. Nimepiga hesabu: ile 1.68K unaifikia kwenye asilimia 20 ya mzunguko badala ya 17. Rezista nzima umeichomelea kwa asilimia tatu. Nunua poti ya 2K, mzunguko karibu wote ufanye kazi.

Kuna na la joto. Poti ya 10K ya robo wati inavumilia miliampea 5, hata ukitumia kipande kidogo tu cha njia yake, na zile ndogo za kaboni nyingi hazifiki robo wati. Rezista ya 240 inapitisha miliampea 5.2. Ya 2K ya robo wati inavumilia 11. Sijawahi kuona 10K ikiungua kwa sababu hiyo, ila nimeona zilizoanza kukwaruza mapema mahali pale pale pa mwanzo, na nashuku ndiyo sababu.

Herufi iliyo kando ya namba ya poti nayo. Kwa poti za siku hizi kutoka Asia, B inapanda sawasawa, A ni ya volyumu. Za Ulaya za zamani A ndiyo iliyopanda sawasawa, kwa hiyo herufi siiamini. Izungushe hadi katikati, pima kutoka mguu wa graundi hadi wa kati. Ikisoma nusu ni ya sawasawa. Ikisoma asilimia 10 au 15, hiyo ni ya sauti, na kwenye pawasapulai itakutia wazimu.