Kwa nini mashine ya sukari hukataa damu?

Tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii hutembea na mashine ya kupima sukari mkobani, na watu wengi Kisumu wanaougua kisukari wana yao nyumbani. Mashine yenyewe haina maneno mengi. Kazi ngumu iko kwenye kile kipande chembamba, stripu.

Mashine hujuaje kwamba damu imeingia?

Kwenye ncha ya stripu kuna mfereji mwembamba sana. Huvuta damu wenyewe, kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa. Chini yake zimechorwa njia za umeme, elektrodi. Mfereji mkavu haupitishi umeme. Damu ina chumvi, hupitisha. Ikishagusa elektrodi, mashine huanza kuhesabu, nyingi sekunde 5. Stripu nyingine zina elektrodi ya ziada ndani zaidi, ya kuthibitisha kwamba mfereji umejaa. Hapo kimeng'enya kilichopakwa kwenye stripu, kemikali inayochochea mabadiliko, huwa kinatoa elektroni kwenye glukosi, yaani sukari ya damu, na mkondo huo ndio unaogeuzwa kuwa namba.

Nimeweka damu nyingi, bado inaonyesha hitilafu. Kwa nini?

Mara nyingi damu imedondoshewa juu ya stripu. Stripu nyingi hunywea nchani, na zina kitundu cha kutolea hewa. Ukikipaka damu, hewa hunaswa na damu husimama nusu ya njia. Ukitazama kidirisha kwa karibu utaona wekundu umeishia katikati.

Toboa ubavu wa kidole, si katikati ya ncha ambapo huuma zaidi. Ning'iniza mkono kwanza, au uupashe kwa maji ya vuguvugu. Tone la kichwa cha pini linatosha, kwani stripu nyingi za sasa huhitaji maikrolita 1 au chini. Gusisha ncha kwenye tone na uiache ivute. Usikamue kidole kwa nguvu: majimaji ya nyama hutoka na kuizimua damu. Na usiongeze tone la pili isipokuwa karatasi ya maelezo inaruhusu. Stripu iliyokataa, tupa, hata kama bei inauma.

Nimepima mara mbili mfululizo, 9.4 kisha 6.2 (milimoli kwa lita, mmol/L). Niamini ipi?

Ulikuwa umeshika nini? Aliyetoka kumenya embe sokoni Kibuye ana sukari kidoleni, na kwa tone dogo hivyo hiyo yatosha kupandisha namba. Spiriti peke yake haiondoi vizuri. Nawa kwa sabuni na maji, kausha kabisa, upime upya. Tofauti ndogo ni kawaida: kiwango cha kimataifa cha 2013 huruhusu asilimia 15 juu au chini, kwa hiyo 10.0 ya kweli inaweza kusomeka 8.5 au 11.5.

Stripu hazijapitwa na tarehe. Zinaweza kuwa zimeharibika?

Ndiyo, na unyevu ndio adui mkubwa, hasa huku karibu na ziwa. Kopo lina dawa ya kunyonya unyevu, lakini haiwezi kushindana na kifuniko kilichoachwa wazi. Toa moja, funga papo hapo. Usiweke kwenye friji wala mbele ya gari juani. Wengi wa watengenezaji huweka kikomo cha nyuzi 30. Andika tarehe ya kufungua, maana zipo za miezi 3 tu baada ya hapo. Ukishuku, jaribu kwa kimiminika cha udhibiti, ambacho kiasi chake cha sukari kinajulikana.

Mgonjwa ana selimundu au malaria imemmaliza damu. Namba ni sahihi?

Hapa tahadhari. Seli nyekundu zikiwa chache, glukosi huzifikia elektrodi kwa urahisi, na mashine nyingi husoma juu kuliko hali halisi. Sukari iliyoshuka inaweza kujificha nyuma ya namba nzuri. Karatasi ya maelezo hutaja kiwango cha seli kinachokubalika. Mgonjwa aliye nje yake apimwe damu ya mshipa maabara.

Nikipata chini ya 4.0?

Kama anameza, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari ndani ya maji, pima tena baada ya dakika 15, na urudie ikiwa bado iko chini. Akitoka jasho na kutetemeka huku mashine ikikataa damu, mpe sukari kwanza. Aliyezirai asitiwe kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.