Mradi umefungwa, nyie mliobaki mnaendeleaje?

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na hata siku zenyewe hazijaisha watu kibao kwenye kliniki zetu za CTC, zile za huduma na matibabu ya VVU, walishapewa barua za kusitishiwa mkataba, kufika tarehe 1 Julai USAID yenyewe, lile shirika la misaada la Marekani, ikafunga shughuli zake. Walioondoka wameongelewa sana, sawa, ila sisi washauri nasaha tunaletewa pia waliobaki na leo naongea na hao.

Aliyebaki anaambiwa shukuru Mungu una kazi, basi ananyamaza. Kuna asubuhi nimeingia kliniki moja nikamkuta nesi kapiga magoti sakafuni anatafuta kadi ya CTC2 ya mgonjwa, ile ya kumbukumbu za matibabu yake inayobaki kliniki, karani wa data aliyekuwa anajua zimepangwaje hayupo tena, na kabati la pili limefungwa, funguo haijulikani ilipo. Foleni imeshafika nje kwenye mwarobaini. Inchaji, mkuu wa kliniki, anapita anasema jamani tujikazeni. Ajikaze nini tena, moyo anao, funguo ndo hana!

Kazi nyingi inachosha ndio, lakini kutojua kesho itakuwaje kunammaliza mtu kabisa. Kwenye kliniki ile walichukua kaunta buku moja tu, kila mtu akaandika kazi anayoiweza yeye peke yake, halafu akamfundisha mwenzake. Saa moja na nusu asubuhi wanasimama dakika kumi, nani hajaja, nini kimekwama, wilayani wamesemaje. Na inchaji kama hana jibu aseme sina jibu, maana akikaa kimya grupu la watsap linajibu kwa niaba yake, na tunajua saa tano usiku linajibuga nini.

Wewe binafsi, simu ilale sebuleni. Kama mkataba unaelekea ukingoni mwambie mwenzio nyumbani sasa hivi, kabla rejesho la kikoba halijamwambia. Ukiona wiki mbili hulali, unafokea wagonjwa, au bia zimeongezeka, nenda kamuone mtu wa afya ya akili, najua watumishi wa afya tulivyo wabishi kutibiwa.

Ile funguo bwana ilionekana wiki ya pili, kwenye mfuko wa koti jeupe la yule karani, lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango.