Namasagali: stesheni iliyokuwa ya stima kuliko ya treni

Watu wengi hapa Busoga ukiwatajia Namasagali wanakumbuka shule tu, siwalaumu, ila kwa sisi watu wa reli pale ni mwisho wa mojawapo ya njia za mwanzo kabisa Uganda, na kila nikisikia mtu anasema mafuriko ndo yaliua Namasagali ya miaka ya 60 naona lazima tuongee.

Tuanze na mto. Nile ukitoka Ziwa Victoria pale Jinja ulikuwa haupitiki kwa chombo, maporomoko ya Ripon, Owen, Bujagali, Itanda, maji yanapiga mawe tu, mpaka ushuke huko Namasagali ndo mto unatulia na stima inaweza kwenda Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Kwa hiyo kati ya 1910 na 1912 mkoloni akajenga reli ya geji ya mita (mita moja kati ya chuma na chuma) kutoka Jinja hadi Namasagali, kazi yake kubwa ni kuyaruka yale maporomoko. Haikuungana na reli nyingine yoyote! Injini na mabehewa vilivushwa ziwani kutoka Kisumu.

Sasa fikiria robota la pamba ya Teso, ng'ambo ya Kyoga, miaka hiyo. Linapakiwa stima kwenye bandari kama Bugondo, linavuka Kyoga, linashushwa Namasagali na kupandishwa behewani, Jinja linashushwa tena linaingia meli, Kisumu linashushwa linapanda treni ya Mombasa. Kila hatua hapo ni migongo ya watu. Ndo maana Namasagali ilikuwa na gati na maghala makubwa, sio kibanda cha tiketi tu.

Pigo la kwanza naliweka 1928 na 1929, miaka zaidi ya 30 kabla ya hayo maji. 1928 reli kubwa ya Mombasa kupitia Tororo ikafika Mbulamuti, kituo kati ya Jinja na Namasagali, na kuungana na hii ya kwetu, watu wakashangilia, lakini mwaka uliofuata tawi la Tororo kwenda Soroti likakamilika na pamba ya Teso ikapata treni mlangoni kwake, ya nini tena kuvuka ziwa? 1931 daraja la Jinja likafunguliwa na reli ikafika Kampala, Namasagali ikabaki pembeni, inaishi kwa mzigo wa Lango, huko kaskazini mwa Kyoga, na wa njia ya Masindi kwenda Butiaba, bandari ya Ziwa Albert.

Alafu ndo yakaja maji. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2, Kyoga nayo ikapanda, bandari zikazama, huduma ikafungwa. Ila angalia miaka hiyohiyo reli ya kaskazini inafanya nini: kutoka Soroti inafika Lira, kisha Gulu, na mwisho Pakwach 1964. Hata maji yangeshuka wiki ileile, stima zingebeba nini? Mbulamuti nayo ilipoteza nafasi yake, maana njia ya mkato ya Bukonte kwenda Jinja, isiyopita tena Mbulamuti, ilijengwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 60.

Majengo ya bandari yakawa Namasagali College, ile ya Padre Grimes aliyekuwa mkuu wa shule 1967 hadi 2000, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema. Nashukuru sana kwa hilo, jengo lenye watu halibomolewi ovyo.

Kinachoniuma ni vyuma. Ukikuta kipande cha reli ya zamani kimegeuzwa nguzo ya geti, usiuze skrapu kwanza, futa kutu ubavuni (sio kichwani, pale juu gurudumu linapopita), mara nyingi kuna maandishi yaliyoinuka: kiwanda, mwaka, na uzito wake kwa yadi. Kichwa kikiwa kimeliwa upande mmoja, mara nyingi hiyo ilikuwa reli ya nje kwenye kona, yaani chuma kimoja kinaweza kukuambia kilitoka wapi na kililala wapi. Piga picha hayo maandishi na uandike umekipata kijiji gani, kabla hajapita mnunuzi wa skrapu.