Olimpiki haikuipa Paris njia za baiskeli

Nikisikia tena kwamba "tupate tu mashindano makubwa, usafiri utajipa wenyewe, si unaona Paris", nitatoka ukumbini nikanunue mihogo. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye mafunzo ya siku mbili ya madiwani na watendaji wa halmashauri moja. Mheshimiwa mmoja alisimama na simu mkononi, kioo kikionyesha watu wakipita na baiskeli kando ya mto Seine. "Mwalimu," akasema, "hawa walikuwa na foleni kama sisi. Olimpiki ya 2024 ikaja, meya wao mwanamama akaamka, mji ukageuka. Na sisi AFCON ya 2027 hiyo inakuja na Kenya na Uganda. Tuvute subira." Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikatafuta maji ya kunywa.

Nilimwomba ile simu. Barabara iliyokuwa kwenye picha, ile ya ukingo wa kulia wa Seine, ilifungiwa magari mwaka 2016. Paris ilipewa Olimpiki Septemba 2017.

Dhana yenyewe, basi: mashindano ndiyo yaliyoibadilisha Paris. Nitakaa hapa kwa muda, maana ndiyo inayonimaliza nguvu.

Hesabu inaanzia 2001, Bertrand Delanoë alipokuwa meya. Njia za mabasi zikapanuliwa, tramu ikarudi kusini mwa jiji 2006, na Julai 2007 zikaja Vélib', baiskeli za kukodi za jiji. Mwaka 2013 ukingo wa kushoto wa mto ukachukuliwa kutoka kwa magari. Anne Hidalgo, aliyekuwa naibu wake miaka yote hiyo, akachaguliwa 2014, na 2016 akafunga kilomita 3.3 za ukingo wa kulia. Kelele zilizofuata si za kusimuliwa. Februari 2018 mahakama ya utawala ikabatilisha uamuzi wake kwa sababu tathmini ya athari ilikuwa na mapungufu. Akaandika amri nyingine, safari hii akisimamia hoja ya kulinda urithi wa kingo za Seine, na Oktoba mwaka huohuo mahakama ikaikubali. Wakati huo Olimpiki ilikwisha kutangazwa kuwa ni ya Paris, na haikumsaidia kitu mbele ya hakimu. Kilichomsaidia ni wanasheria na kichwa kigumu.

Kisha mambo mawili ambayo hakuna aliyeyapanga. Desemba 2019 wafanyakazi wa metro waligoma kupinga mageuzi ya pensheni, na mgomo ukaingia Januari. Watu wakatoa baiskeli kwenye vyumba vya chini, wakanunua za mtumba, wakaanza kwenda nazo kazini kwenye baridi. Miezi michache baadaye ikaja korona. Mei 2020 Rue de Rivoli, barabara inayopita mbele ya jumba la Louvre, ikaondolewa magari binafsi kwa karibu kilomita 3. Njia nyingine za muda zikachorwa kwa rangi ya njano na kuwekewa vizuizi vya plastiki, halafu zikabaki. Mwezi uliofuata raundi ya pili ya uchaguzi ikafanyika na Hidalgo akashinda tena.

Nilisimama Rivoli asubuhi moja ya Oktoba, miezi michache baada ya Olimpiki, na daftari nililokwisha kuligawa safu tatu: baiskeli, basi na teksi, magari mengine. Tabia ya kazi. Walipita wasambazaji wa chakula na mabegi mgongoni, wazee wa suti, kina mama na baiskeli zenye sanduku mbele, watoto wawili ndani wakigombea biskuti. Ikabidi nifungue ukurasa wa pili wa baiskeli, safu ya tatu bado nyeupe. Ukipenda takwimu za watu waliojipanga kuliko daftari langu, utafiti wa taasisi ya mipango ya mkoa ulikuta kwamba ndani ya Paris baiskeli zinabeba asilimia 11.2 ya safari na magari asilimia 4.3. Kutembea kwa miguu ndiko kunakoongoza, zaidi ya nusu. Na huwa nawaomba wanafunzi wangu waangalie tarehe: data hizo zilikusanywa kati ya Oktoba 2022 na Aprili 2023. Wakati huo hakuna mwanariadha aliyekuwa amefungua begi.

Kwa hiyo Olimpiki ilifanya nini? Iliweka tarehe, na tarehe si kitu kidogo. Mpango wa baiskeli wa 2021 hadi 2026, wa euro milioni 250, ulikuwa na kilomita za njia zilizotakiwa kuunganisha viwanja kabla ya Julai 2024. Mkandarasi akijua dunia nzima inakuja siku fulani, hata simu anapokea. Ila tarehe hutekeleza mpango uliopo mezani. Meza ikiwa tupu, siku itafika na kupita. Utapaka rangi vizingiti vya barabara ya kutoka uwanja wa ndege, utafukuza machinga kwa wiki tatu, na wageni wakiondoka machinga watarudi na wewe utakuwa na deni la rangi.

Dhana ya pili ni pacha wake: meya alijenga metro. Hapa waandishi wa habari ndio wanaonitesa kuliko madiwani. Ni kweli kwamba njia namba 14 ilirefushwa hadi uwanja wa ndege wa Orly upande mmoja na Saint-Denis Pleyel upande wa pili, ikafunguliwa tarehe 24 Juni 2024, mwezi mmoja kabla ya sherehe za ufunguzi. Lakini reli, mabasi na nauli za eneo lile ziko chini ya Île-de-France Mobilités, mamlaka ya mkoa inayoongozwa na Valérie Pécresse, mpinzani wa kisiasa wa Hidalgo. Mtandao mpya wa Grand Paris Express, kilomita 200 na vituo 68, uliamuliwa na serikali kuu na sheria yake ni ya 2010. Njia namba 16 na 17, zilizokuwa kwenye ahadi za Olimpiki, hazikuwahi. Hidalgo mwenyewe alikwenda kwenye televisheni Novemba 2023 akasema baadhi ya maeneo usafiri hautakuwa tayari, na mawaziri wakamjia juu. Mtu halalamiki hivyo kuhusu kitu ambacho funguo zake zimo mfukoni mwake. Hata tiketi ya metro iliyopanda hadi euro 4 wakati wa michezo, meya hakuwa na neno.

Alichokuwa nacho ni mtaa: upana wa njia ya miguu, kasi, na mahali pa kupaki. Ndiyo maana mambo yake karibu yote yako pale. Agosti 2021 kasi ya kilomita 30 kwa saa kwenye karibu mitaa yote. Oktoba 2024 maegesho ya magari makubwa na mazito yakawa euro 18 kwa saa katikati ya jiji kwa wasio wakazi. Mwezi huohuo barabara ya mzunguko, kilomita 35 zinazoizunguka Paris, ikashushwa kasi kutoka 70 hadi 50. Na hata barabara hiyo ilikuwa na mvutano na serikali kuu.

Sasa linganisha na Dar es Salaam, ambako watu wananiuliza mbona meya hashughulikii tatizo la foleni. Meya wetu anachaguliwa na madiwani wenzake. Barabara kubwa ni za TANROADS, za mitaa ni za TARURA, mwendokasi ni wa DART, nauli ni ya LATRA, zote taasisi za serikali kuu. Gavana wa Nairobi anapigiwa kura moja kwa moja na wananchi, lakini barabara kuu ni za KeNHA na nyingi za mjini ni za KURA, nazo ni mamlaka za serikali ya kitaifa. Kabla hujamsifu au kumtukana meya yeyote kwa sababu ya usafiri, tafuta kwanza nani anasaini nini. Inachukua alasiri moja, na itakuokoa maneno mengi ya redioni.

Dhana nyingine nazipitia haraka.

Kwamba kilichojengwa kwa ajili ya michezo kinabaki. Muulize mkazi wa Rio de Janeiro. Meya Eduardo Paes aliwajengea mwendokasi: TransOeste 2012, TransCarioca 2014 kwa Kombe la Dunia, TransOlímpica 2016 kwa Olimpiki. Januari 2015 Rio ilikuwa miongoni mwa majiji yaliyopewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, ileile ambayo Dar iliipata 2018. Michezo ikaisha Agosti 2016, na Oktoba mgombea wa Paes hakufika hata raundi ya pili. Chini ya meya aliyefuata, Marcelo Crivella, mabasi yakachakaa, vituo vikavunjwa na kufungwa, lami ya TransOeste ikafumuka. Paes aliporudi 2021 ilibidi jiji liuchukue uendeshaji kutoka kwa kampuni binafsi na kununua mabasi mapya. TransBrasil, iliyokuwa itimie 2016, ilifunguliwa 2024. Zege si usafiri. Sisi tulioitazama njia ya Mbagala imekamilika ikisubiri mabasi tungepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kwamba njia maalumu za magari ya Olimpiki zilifutwa wageni walipoondoka. Nyingi ndiyo. Ile ya barabara ya mzunguko ya Paris haikufutwa: Machi 2025 ikageuzwa njia ya magari yenye watu wawili au zaidi, mabasi na teksi, saa za msongamano. Wazo zuri, na rahisi kuliko linavyosikika.

Kwamba Waparisi wote walikuwa nyuma ya Hidalgo. Hapana. Kura ya maoni ya Machi 2025 ya kuongeza mitaa 500 ya watembea kwa miguu ilipata ndiyo asilimia 66, lakini waliojitokeza hawakuzidi asilimia 4 au hapo karibu. Ile ya kubakiza skuta za umeme za kukodi, Aprili 2023, ilipata hapana asilimia 89 kwa mahudhurio ya asilimia 7 na kitu. Alipogombea urais 2022 Hidalgo alipata asilimia 1.75 nchi nzima. Siri ya uchaguzi wake wa jiji ni ya kijiografia: ndani ya Paris kama theluthi moja tu ya kaya zina gari, na wengi wanaolia na barabara ya mzunguko wanaishi nje ya mpaka, hawakuwa wakimpigia kura. Nasema hivi na mimi namheshimu. Kuamua mambo ya mji mzima kwa kura ya watu kiganja ni udhaifu, na wapinzani wake walikuwa na haki kulisema.

Kwamba baiskeli ni mambo ya Wazungu na huku kuna joto. Nenda Tandale saa kumi na moja alfajiri uone mkaa, mikate na ndoo za samaki zinafika kwa kutumia nini. Sitaendelea.

Na kwamba kuanza kunahitaji fedha za mashindano. Hapa nina wimbo wangu na wanafunzi wanaucheka: hesabu maegesho. Chukua mtaa mmoja wa sokoni, kalamu na karatasi, na mtoto wa shule wa kukusaidia. Hesabu magari yaliyopaki, yamelipa nini, yamekaa muda gani. Halafu pima hatua ngapi za njia ya miguu zimeliwa. Mji huanza kubadilika mtu anapokaa akahesabu nafasi za kupaki na kuuliza kila moja inamfaa nani.

Yule mheshimiwa alinijia wakati wa chai, simu bado mkononi. Tukatoka naye hadi mlango wa mbele wa halmashauri yao, na daftari langu. Kwenye njia ya miguu yalikuwa yamepaki magari saba. Matatu yalikuwa ya ofisi, na moja, akakiri huku akicheka, lilikuwa lake.